Kripto na akili ya kijana: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Uganda

Maswali haya yanajirudia kila vijana wanapozungumza kuhusu Bitcoin, USDT na sarafu nyingine za kidijitali: kwenye hosteli za Kikoni, kwenye steji za boda boda Arua na Busia, na zaidi kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram. Hutapata hapa sarafu ya kununua. Utapata kinachotokea kichwani kabla ya kidole kubonyeza "Nunua", maana pesa nyingi hupotelea hapo. Ruka hadi swali linalokuhusu. Jibu likitegemea jingine, namba yake imetajwa.

## Mambo ya msingi

1. Kripto ni nini hasa, na kwa nini bei yake inarukaruka hivi?

Ni sarafu zisizotolewa na benki kuu yoyote. Kumbukumbu ya nani ana kiasi gani huandikwa kwenye daftari la kidijitali ambalo nakala zake ziko kwenye kompyuta nyingi duniani. Bitcoin, iliyoanza Januari 2009, ndiyo ya kwanza. USDT ni ya aina nyingine: kampuni inayoitoa huahidi kwamba kila moja ina thamani ya dola moja, na ndiyo maana kwetu inatumika kama daraja la kutoka kwenye shilingi kwenda kwenye sarafu nyingine.

Shamba la kahawa Masaka lina mavuno, duka la Kikuubo lina mauzo. Ukitaka kujua thamani yake una pa kuanzia hesabu. Bitcoin haina mavuno wala mpangaji anayelipa. Bei yake ni kile ambacho mtu mwingine yuko tayari kutoa leo, na utayari huo hufuata habari, hofu na tamaa. Novemba 2021 ilifika karibu dola 69,000. Mwaka mmoja baadaye, soko la FTX (kampuni ya mtandaoni ya kununulia na kuuzia kripto) lilipoomba kufilisika tarehe 11 Novemba 2022, ilikuwa imeporomoka hadi karibu dola 16,000. Desemba 2024 ikavuka 100,000. Mtu aliyeingia kileleni mwa 2021 alisubiri zaidi ya miaka miwili kurudisha pesa yake tu, na wengi hawakusubiri.

2. Je, ni halali Uganda?

Tarehe 29 Aprili 2022 Benki Kuu ya Uganda iliwaandikia waraka watoa huduma za malipo waliopewa leseni chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2020, ikiwakataza kusaidia kubadilisha kripto kuwa pesa za simu. Waraka ulipingwa mahakamani, na Aprili 2023 Mahakama Kuu ikaitupa kesi hiyo. Waraka ulilenga kampuni za malipo. Haukusema kumiliki Bitcoin ni kosa.

Maana yake kwako: hakuna msimamizi wa kukukinga. Soko likifunga milango, au laini yako ya pesa za simu ikizuiwa kwa sababu ya miamala hiyo, huna pa kukimbilia kama mteja wa benki anavyokuwa napo. Kisaikolojia hali hii ina madhara yake. Kitu kikiwa nusu kivulini, watu huacha kuuliza nyaraka na kuanza kuuliza "nani mwingine ameingia?" Angalia swali la 7.

3. Kwa nini ni vijana zaidi, hasa wa kiume?

BIS, taasisi ya benki kuu za dunia yenye makao Basel, ilitoa utafiti Novemba 2022 uliotumia takwimu za programu za kripto katika nchi 95. Karibu asilimia 40 ya watumiaji walikuwa wanaume wa chini ya miaka 35. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba watu wapya humiminika bei inapopanda, na ukakadiria kwamba takriban robo tatu ya walionunua Bitcoin kupitia programu hizo walipata hasara.

Kwa Uganda ongeza mambo ambayo kila mtu anayaona. Kijana ana digrii na hana kazi, au ana kazi ambayo mshahara wake hautafika kwenye kiwanja hata akiweka akiba miaka kumi. Njia ya polepole ikionekana imefungwa, njia hatari huanza kuonekana ya busara. Huo si ujinga, ni hesabu ya mtu anayeona hana cha kupoteza. Kosa la hesabu hiyo ni moja: anacho. Ada ya muhula, mtaji wa duka, pikipiki ambayo mkopo wake haujaisha.

## Kabla ya kununua

4. Mbona hamu ya kununua hunijia bei ikishapanda tu, si ikiwa chini?

Kwa sababu bei ikiwa chini hakuna anayeizungumzia. Ikipanda, simu yako hujaa: video za TikTok, picha za skrini zenye namba za kijani, rafiki aliyebadilisha simu. Ubongo huchukua jambo linalosikika mara nyingi kuwa ndilo la kweli. Juu yake inakuja hofu ya kuachwa nyuma, ambayo vijana wanaiita fomo. Hofu hiyo haikuulizi kama kitu kina thamani. Inakuuliza utajisikiaje wenzako wakifanikiwa wewe ukiwa umekaa.

Jipime. Andika tarehe uliyoisikia sarafu hiyo mara ya kwanza, na bei yake siku hiyo. Kisha andika bei ya leo. Kama imepanda asilimia 60 na hujajifunza lolote jipya kuihusu zaidi ya kwamba imepanda, hamu yako inatokana na bei yenyewe. Subiri siku tatu kamili, saa 72, kabla ya kuweka shilingi. Mara nyingi hamu hupoa kabla ya siku ya pili kwisha, na kama fursa haiwezi kusubiri siku tatu, waliokutangulia walikuwa wanakusubiri wewe ununue ili wao watoke.

5. Lakini rafiki yangu amepata faida kweli, nimeona kwa macho. Huo si ushahidi?

Ni ushahidi kwamba yeye amepata. Waliopoteza huwa hawaweki picha ya skrini kwenye hadhi ya WhatsApp.

Chukua kundi la Telegram lenye watu 200. Admini anawatumia 100 ujumbe wa siri "sarafu hii itapanda wiki hii", na 100 wengine "itashuka". Wiki ikiisha, 100 wameona utabiri sahihi. Anawagawa hao 50 kwa 50, kisha 25 kwa 25. Baada ya wiki tano wamebaki sita ambao kwa macho yao admini hajakosea hata mara moja. Hao sita watauza simu na kuleta pesa, na watakuapia kwamba mtu huyu anajua. Hakujua chochote; aligawa kundi tu. Hata bila tapeli, soko lenyewe hufanya hivyo: kukiwa na wanunuzi wengi wa kutosha, lazima wachache wabahatike mfululizo, na hao ndio utakaowasikia.

6. Sarafu inayouzwa chini ya shilingi moja si ina nafasi zaidi ya kupanda?

Hapana. Hili linawanasa wengi kwa sababu linafanana na akili ya sokoni: nyanya za bei rahisi unapata nyingi. Kumiliki milioni mbili za sarafu fulani kunapendeza kuliko kumiliki 0.0003 ya Bitcoin, ingawa shilingi ulizotoa ni zilezile.

Zidisha bei kwa idadi ya sarafu zilizopo. Shiba Inu ina takriban tirilioni 589 kwenye mzunguko. Ili kila moja ifike dola moja, thamani yake yote ingebidi iwe dola tirilioni 589, wakati pato la dunia nzima kwa mwaka ni kama tirilioni 100 na kidogo. Kwa hiyo anayekuambia "ikifika dola moja tu tumetoka" hajafanya hesabu hii, au ameifanya na anakuuzia.

7. Aliyenileta ni mtu wa kanisani (au msikitini, au ndugu). Bado nina haja ya kuhofu?

Hapo ndipo pa kuhofu zaidi. Mtu usiyemjua ungemhoji. Mtu mnayeswali naye kumhoji ni kama kumvunjia heshima, kwa hiyo unanyamaza na kulipa. Mara nyingi yeye mwenyewe hajui kwamba ni utapeli. Anaamini kwa dhati, na imani yake ndiyo inayouza.

OneCoin ilienea Uganda kwa njia hiyo. Ilianzishwa 2014 na Ruja Ignatova wa Bulgaria. Benki Kuu ya Uganda iliwaonya wananchi mapema 2017. Oktoba mwaka huohuo Ignatova akatoweka. Waendesha mashtaka wa Marekani wanasema ulikuwa wizi wa zaidi ya dola bilioni 4, na mshirika wake Karl Sebastian Greenwood alihukumiwa kifungo cha miaka 20 New York Septemba 2023. Kisha ikaja Dunamiscoins, iliyofunga ofisi Desemba 2019 na kuwaacha maelfu ya watu Kampala na Masaka wakiwa mikono mitupu.

Muulize mleta habari bila kumgombeza: faida inatoka wapi, yaani nani anayelipa? Je, naweza kuihamisha sarafu hii leo kwenda kwenye pochi yangu mwenyewe ya kidijitali nje ya programu yenu? Je, ninalipwa nikileta watu? Jibu la tatu likiwa ndiyo na la pili likiwa "subiri kidogo", ondoka. Na fanya hesabu ya faida wanayoahidi. Asilimia 30 kwa mwezi inageuza shilingi 100,000 kuwa kama 2,330,000 kwa mwaka, na kama milioni 54 kwa miaka miwili. Mwenye mashine kama hiyo hahitaji laki yako.

8. Ada inatakiwa wiki tatu zijazo na nina nusu yake. Je, niijaribu kidogo ili itimie?

Hapana, na hili linahitaji maelezo kuliko katazo, maana wanaouliza wanajua tayari kwamba ni hatari.

Ukiwa na pengo lenye tarehe, akili hubadilisha kipimo. Laki nne mkononi hazionekani tena kuwa laki nne. Zinaonekana kuwa "sijafika". Mtu anayejiona tayari yuko kwenye hasara hukubali hatari ambayo asingeigusa siku ya kawaida. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliliandika hili mwaka 1979, na wauza tiketi za kubeti wanalijua bila kusoma. Kibaya zaidi ni tarehe yenyewe: hata kama sarafu itapanda, inaweza kupanda wiki ya nne.

Nusu ya ada ina nguvu ikiwa nusu. Ipeleke kwa mhasibu wa chuo au shule, uombe kwa maandishi kulipa iliyobaki kwa awamu, ukitaja tarehe. Mtu mwenye risiti ya nusu husikilizwa. Asiye na kitu anaanza upya.

## Ukishanunua

9. Kwa nini nashindwa kuuza nikiwa na hasara, lakini faida ndogo naikimbilia?

Kupoteza shilingi 50,000 kunauma karibu mara mbili ya furaha ya kupata 50,000. Ukiuza kwa hasara, unaitia saini: sasa ni kweli. Usipouza, unaweza kujiambia "bado sijapoteza, ni kwenye karatasi tu". Ukiwa na faida, unaogopa itaponyoka, unauza haraka. Hersh Shefrin na Meir Statman walilipa jambo hili jina mwaka 1985 wakichunguza wanunuzi wa hisa, miaka mingi kabla ya Bitcoin. Matokeo yake ni mfuko uliojaa sarafu zilizokufa, kwa sababu zilizokuwa hai ziliuzwa zote.

Swali linalosaidia: kama leo ningekuwa na shilingi taslimu zenye thamani hii, ningeinunua sarafu hii kwa bei ya leo? Kama jibu ni hapana, unaishikilia kwa ajili ya jana.

10. Si wanasema mvumilivu hula mbivu? Bei ikishuka naongeza nyingine.

Methali hiyo ilitungwa kwa ajili ya embe, na embe likikaa linaiva. Sarafu inaweza kukaa na isiive kabisa.

Mei 2022 sarafu ya LUNA ilianguka kutoka kama dola 80 hadi chini ya senti moja ndani ya siku zisizofika kumi. Walionunua tena ilipofika 40 walijiona wajanja, maana ilikuwa nusu bei. Wakaongeza ikiwa 20, wakaongeza ikiwa 5. Kila mara hesabu ya wastani ilionekana nzuri zaidi, na kila mara pesa mpya ilifuata ya zamani. Kumbuka pia kwamba kupanda si kinyume sawa cha kushuka: ukipoteza asilimia 50 unahitaji faida ya asilimia 100 kurudi ulipoanza, na ukipoteza 80 unahitaji 400.

Kununua kidogo kidogo kila mwezi, kiasi kilekile, ni jambo jingine kwa sababu uliamua mapema. Kinachoua ni kuongeza kwa uchungu.

11. Naangalia bei kila dakika chache, hata usiku. Ni kawaida?

Ni kawaida na ina sababu. Zawadi inayokuja bila ratiba humfunga kiumbe kuliko zawadi ya kila siku, mwanasaikolojia B. F. Skinner alilionyesha kwa njiwa na panya, na mashine za kamari zimejengwa juu yake. Soko la kripto halifungi, hata Jumapili saa tisa usiku. Kila ukifungua unaweza kukuta kijani au nyekundu, na hiyo "unaweza" ndiyo inayokuamsha.

Zima arifa zote za bei. Toa programu kwenye ukurasa wa kwanza wa simu. Weka wakati mmoja wa kuangalia, mara moja kwa wiki, na iwe mchana, baada ya kula. Usiku usifanye muamala wowote. Kama huwezi kumaliza wiki mbili hivyo, soma swali la 18.

12. Biashara ya "futures" ya mara 20 au mara 50 inafanyaje kazi?

Inafanya kazi dhidi yako. Unaweka 50,000, soko linakukopesha nyingine hadi dau lako liwe 1,000,000. Bei ikisogea asilimia 5 upande usiotaka, 50,000 yako imekwisha, na kwa kawaida soko hukufungia hata kabla ya kufika hapo. Bitcoin kusogea asilimia 5 kwa siku si habari ya kushangaza. Ukikatwa halafu bei ikarudi pale ulipotabiri, utasema "nilikuwa sahihi, nilikosa kidogo tu", na hiyo "kidogo tu" itakurudisha. Ni ileile ya tiketi iliyochanwa na mechi moja.

13. Nimeshinda mara tatu mfululizo. Je, nina kipaji?

Kwenye kundi la 200 la swali la 5, watu 25 wangeshinda mara tatu kwa kurusha sarafu ya shilingi hewani. Soko zima likipanda, kila mtu ni mtaalamu.

Brad Barber na Terrance Odean walichunguza akaunti za familia zaidi ya 66,000 nchini Marekani, 1991 hadi 1996. Waliofanya biashara mara nyingi zaidi walipata asilimia 11.4 kwa mwaka huku soko lenyewe likipata 17.9. Kilichowala ni kujiamini pamoja na gharama za kuingia na kutoka. Kwetu gharama hizo ni za kweli. Tuseme unanunua USDT kwa 3,750 na kuiuza kwa 3,650. Shilingi 100,000 inanunua 26.67; ukiuza papo hapo unapata kama 97,300. Ukiitoa kwa wakala kuna ushuru wa asilimia 0.5 na ada ya mtandao juu yake. Umepoteza zaidi ya asilimia 3 kabla soko halijasogea hata nukta.

14. Pi (sarafu inayokusanywa bure kwa simu) na michezo ya kubofya haikuchukua pesa yangu. Ubaya uko wapi?

Ilichukua muda, namba za simu za marafiki, na wakati mwingine nakala ya kitambulisho. Pi ilianza Machi 2019 na mtandao wake ukafunguliwa tarehe 20 Februari 2025. Bei ilikaribia dola 3 mwezi huo, kisha kufikia Aprili ilikuwa chini ya dola moja. Hamster Kombat ilitoa sarafu yake Septemba 2024 baada ya miezi ya kubofya mchana na usiku, na wengi waliishia na dola chache.

Kisaikolojia ni "maji ukiyavulia nguo". Umebofya miezi minne, kuacha sasa ni kukiri kwamba minne imepotea, basi unabofya wa tano. Na aliyezoea kusubiri sarafu ya bure huwa mwepesi kulipa "ada ya kufungua pochi". Huo ni wizi daima.

## Ukiamua kuingia

15. Niweke kiasi gani?

Kiasi ambacho kikipotea chote Jumatatu, Jumanne hutakopa na hutabadilisha mlo. Anza kwa kuondoa: kodi ya nyumba, chakula, ada, deni lolote lenye riba, mchango wa SACCO au kikundi. Kisha akiba ya dharura ya miezi mitatu. Kijana anayeingiza 700,000 kwa mwezi na kutumia 550,000 anabakiwa na 150,000. Kama akiba yake ya dharura haijatimia, jibu la kripto ni sifuri. Ikishatimia, 15,000 kwa mwezi inatosha kujifunza kila kitu ambacho 1,500,000 ingekufundisha.

Pesa ambayo si yako peke yako haiingii: ya nigiina (mchezo wa kupeana pesa kwa zamu), ya kikundi, ya ada ya mdogo wako, uliyotumiwa na ndugu aliye kyeyo (kibaruani ughaibuni) ili ununue mabati. Kwa anayetaka kipimo cha kulinganisha, hatifungani za Serikali ya Uganda zinaanzia shilingi 100,000.

16. Kanuni gani zinazuia maamuzi ya hisia, kwa vitendo?

Azimio la kichwani halizuii kitu. Karatasi inazuia kidogo zaidi. Kabla ya kununua andika kwa mkono: tarehe, sarafu, kiasi, sababu isiyotaja jina la mtu wala neno "itapanda", bei utakayouza ukiwa na hasara, na bei utakayouza nusu ukiwa na faida. Mpe mtu mmoja asiyefanya kripto aisome kwa sauti. Ukiona aibu wakati anaisoma, umepata jibu.

Bei ya kuuzia iweke kwenye programu yenyewe kama amri ya kuuza, siku hiyohiyo. Wanaosema "nitaangalia mwenyewe" huisogeza chini kila bei inapokaribia. Baada ya kuuza, kwa faida au hasara, kaa siku saba bila kununua. Hasira ya kutaka kurudisha huchukua siku kadhaa kutoka mwilini, na furaha ya kushinda pia.

17. Kwenye soko la P2P, la mtu kwa mtu, watu hupigwa vipi?

Kwa haraka. Mnunuzi anakutumia ujumbe wa kuonyesha amelipa, halafu anakupigia: "Bosi, achia, mgonjwa yuko hospitali." Unaachia USDT. Ujumbe ulikuwa wa kughushi, ulitoka kwenye namba ya kawaida.

Usiamini ujumbe. Angalia salio mwenyewe: *165# kwa MTN, *185# kwa Airtel. Jina la aliyelipa lifanane na jina lililo kwenye soko. Likitofautiana, usiachie, fungua malalamiko ndani ya programu. Mazungumzo yabaki humohumo, kwa sababu ukihamia WhatsApp umepoteza ushahidi. Unapohamisha USDT, linganisha mtandao wa kutuma na wa kupokea, kwa mfano TRC20 (mtandao wa Tron) kwa TRC20, na utume kiasi kidogo kwanza. Yale maneno 12 au 24 ya siri ya pochi hayapigwi picha na hayaambiwi mtu, hata anayejiita huduma kwa wateja.

## Mambo yakiharibika

18. Nitajuaje kama imeshakuwa kamari?

Dalili: unaongeza dau ili kurudisha kilichopotea, unaficha kiasi, unakopa kwenye programu za mikopo ya simu, unakasirika ukizuiwa kuangalia, na unarudi siku chache baada ya kuapa kuacha. Mbili kati ya hizo zinatosha kumwambia mtu. Futa akaunti, usifute programu tu, na kwa miezi mitatu laini yako ya pesa za simu ishikwe na mtu unayemwamini. Ukikosa usingizi au ukiwaza kujidhuru, nenda hospitali leo. Butabika ndiyo hospitali ya rufaa ya taifa ya afya ya akili, na hospitali za rufaa za mikoa nazo hutoa huduma hiyo.

19. Nimetapeliwa, na sasa mtu anasema anaweza kunirudishia kwa malipo kidogo.

Huyo ni tapeli wa pili, na mara nyingi ni yuleyule wa kwanza. Anajua kwamba mwenye uchungu hulipa tena. Muamala wa kripto ukishathibitishwa haurudishwi na fundi yeyote.

Kama ulilipa kwa pesa za simu, piga huduma kwa wateja dakika hiyohiyo, maana pesa ambayo haijatolewa huweza kuzuiwa. Hifadhi namba, anwani ya pochi, namba ya muamala na mazungumzo yote kabla hujafutwa kwenye kundi. Ripoti kituo cha polisi na usiondoke bila namba ya kumbukumbu ya SD (daftari la matukio la kituo). Bila hiyo kampuni ya simu na soko hawatakuhudumia kwa uzito. Aibu ndiyo inayowachelewesha watu hapa, na matapeli wanaitegemea.

20. Nimepoteza pesa ya ada. Nawaambiaje nyumbani?

Mapema, na kwa kiasi kamili. Wanaotaja nusu hulazimika kukiri mara ya pili, na ya pili ndiyo inayovunja uaminifu. Anza na mtu mmoja, shangazi au kaka mkubwa, aende nawe. Peleka karatasi yenye kiasi kilichopotea, unachodaiwa na nani, tarehe za chuo, na unachoweza kulipa kila mwezi. Usipeleke mpango wa kuirudisha kwa kripto.

21. Ni mdogo wangu aliyezama, si mimi. Nimzuieje?

Usianze na "nilikuambia". Mtu akishambuliwa hutetea sarafu yake kama anavyotetea timu yake, na anayetetea hadharani huamini zaidi. Usimtumie makala za kumtisha pia; ana majibu ya kila moja, kundi limemwandalia.

Mwombe akuonyeshe jinsi ya kutoa. Si kuweka, kutoa. Akae nawe, mtoe shilingi 20,000 kutoka kwenye programu yake hadi ifike kwa wakala na uishike mkononi. Ikifika, mmepata pa kuanzia mazungumzo ya kiasi na akiba, nenda naye swali la 15. Isipofika, nyamaza na umwache aandike mwenyewe kwa admini kuuliza kwa nini.